Shingo ikiingia weusi, tazameni sahani kabla ya sabuni

Mhariri,

Kuna weusi unaojitokeza nyuma ya shingo, kwapani na kwenye mikunjo ya mapaja, ambao wengi hapa Mombasa huuita nongo. Ukipitisha kidole juu yake unahisi ngozi imenenepa lakini ni laini, mfano wa kitambaa cha mahameli, na mistari ya shingo imezama kama iliyochorwa kwa kalamu. Mwenye nao husuguliwa kwa dodoki, kwa jiwe, kwa ndimu na chumvi, na asipotakata huishia kwenye mkorogo. Msichana wa miaka 14 huambiwa mbele ya wenzake kwamba hajui kuoga. Sisi tunaoshughulika na lishe katika mji huu tunaomba nafasi katika ukurasa wako tuseme jambo hili bila kuzunguka: ule si uchafu, hakuna sabuni itakayoutoa, na chanzo chake mara nyingi kimo sahanini na kikombeni.

Mtu anapokula sukari na wanga mwingi mara kwa mara kutwa, kongosho hulazimika kumwaga insulini, homoni inayoitoa sukari damuni na kuiingiza kwenye seli, kila saa. Mafuta yakishajaa tumboni na kwenye ini, seli huanza kuwa nzito kuitikia insulini hiyo, na kongosho nalo hujibu kwa kuiongeza. Insulini iliyozidi damuni huchochea seli za ngozi zikue haraka kuliko desturi. Ngozi ya juu hunenepa, hujikunja, na rangi yake hukolea. Ndiyo maana kusugua hakufai kitu: weusi unachochewa kutoka ndani, na ngozi inayokwanguliwa kila siku hujikinga kwa kuzidi kuwa nene na nyeusi. Mkorogo ni balaa zaidi. Krimu zenye steroidi kali huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, huleta michirizi na chunusi, na zikipakwa sehemu kubwa kwa muda mrefu huingia damuni na kuweza kupandisha sukari. Hebu fikirieni: mtu anaficha alama ya sukari kwa kitu kinachoongeza sukari. Zenye zebaki huharibu figo, za mpakaji na za mtoto anayelala kifuani pake.

Mwenye weusi wa namna hiyo akapime sukari. Kipimo kinachofaa ni cha asubuhi baada ya kukaa saa 8 bila kula, au kile cha damu kinachoonyesha wastani wa miezi 2 hadi 3. Sukari ya kufunga ikifika milimoli 7.0 kwa lita, na ikirudiwa siku nyingine ikawa hivyo hivyo, huo ni ugonjwa wa kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 ni onyo. Lakini hata majibu yakiwa mazuri, mtu asirudi nyumbani akafunga faili. Sukari inaweza kuonekana sawa kwa miaka kadhaa kwa sababu kongosho bado linafanya kazi maradufu kuishusha, na shingo ndiyo inayotangulia kusema. Chukueni na futi ya fundi cherehani: kiuno cha mwanamke kikizidi sentimita 80, au cha mwanamume kikizidi 94, pana la kushughulikia. Msichana ambaye pamoja na weusi huo hedhi yake inaruka miezi au anaota ndevu amwone daktari, kwa kuwa mara nyingi ni homoni za ovari zinazohitaji tiba. Na mtu mzima mwembamba ambaye weusi umemtokea kwa ghafla, ukasambaa hadi viganjani au mdomoni huku akikonda, asingoje hata wiki. Hali hiyo, ingawa ni nadra, inaweza kuwa dalili ya saratani ya tumbo.

Sasa tuje mezani, tuanze na asubuhi. Kikombe cha chai hutiwa vijiko 3 vya sukari bila mtu kushtuka. Kijiko kidogo kimoja ni takriban gramu 4, kwa hiyo vikombe viwili ni gramu 24. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isivuke gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ni bora zaidi ikibaki chini ya 25. Yaani kabla ya saa mbili asubuhi hizo 25 za siku zimekaribia kwisha, na hatujagusa sukari iliyomo ndani ya mahamri wala soda ya mchana, ambayo chupa ya nusu lita ina karibu gramu 50. Msiache ghafla, mkiacha ghafla mtarudia. Punguzeni nusu kijiko kila wiki. Iliki, tangawizi, mdalasini na mchaichai vitashika nafasi ya utamu, na baada ya wiki chache ulimi wenyewe utaikataa chai ya zamani. Mahamri 4 yawe 2, na bakuli la mbaazi lijae. Mbaazi ndizo chakula pale, zina protini na nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari kuingia damuni. Hamri ni la kusindikizia tu. Tumezoea kinyume chake.

Mchana na jioni, anzeni na mboga na samaki, wali uje nyuma, na kiasi chake kwa mtu asiyefanya kazi ya sulubu kiwe kama ngumi yake moja na nusu. Kisha tembeeni dakika 15. Misuli inayotembea huchukua sukari damuni bila kusubiri insulini nyingi. Wanaokwenda ufukwe wa Mama Ngina jioni kula mihogo na viazi karai wangetembea baada ya kula badala ya kurudi kukaa garini, wangekuwa wameupunguza mzigo huo. Sharubati ya embe yenye sukari ni soda kwa jina jingine; embe lenyewe liliwe kwa meno. Dafu lina robo hadi nusu tu ya sukari ya soda kwa kipimo kile kile, na linakata kiu. Katika Ramadhani, tende 3 na maji zinatosha kufungulia. Kaimati za shira zisiwe za kila siku ya mwezi, wala tambi za sukari zisiwekwe meza moja nazo.

Mwenye kilo 80 akipungua kilo 4 hadi 8, insulini hushuka na shingo huanza kufunguka rangi. Huchukua miezi, si wiki. Ukitaka kujua kama kazi inaenda, piga picha ya shingo mara moja kwa mwezi, mahali pale pale, kwenye mwanga wa dirisha, kwa kuwa kioo cha kila siku hakionyeshi tofauti.

Insulini hiyo hiyo huchochea tezi za mafuta usoni, ndipo chunusi zinapopata makazi. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2007 uliwafuata vijana wa kiume 43 kwa wiki 12. Waliokula vyakula vinavyopandisha sukari polepole walipungukiwa chunusi kuliko wenzao. Si kila chunusi ni ya chakula. Zipo za kurithi na za homoni, na zile kubwa zenye maumivu zinazoacha makovu ni za daktari wa ngozi, mapema. Lakini kijana wa jimu anayekunywa unga wa protini ya maziwa kila siku, kisha akashangaa mgongo kuchafuka, aache unga huo miezi 2 atazame. Mayai, samaki na pojo vitamjengea misuli ile ile.

Tuiache sukari. Kuna dalili nyingine ambayo huonwa kila siku na kupakwa mafuta tu: vipele vikavu, vigumu, nyuma ya mikono na juu ya mapaja, mkono ukipita unakwaruza kama tupa. Vingine ni vya kurithi na havina neno. Lakini vikiandamana na macho kushindwa kuona vizuri magharibi inapoingia, huo ni upungufu wa vitamini A, na mtoto mwenye dalili hizo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo maana macho yake yako hatarini. Bila vitamini hiyo seli za ngozi hazikomai ipasavyo. Hurundikana na kuziba vinyweleo.

Masoko ya Kongowea na Marikiti yamejaa dawa yake: maembe, mapapai, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, mchicha, matembele, kisamvu. Kinachopotea hupotea jikoni. Rangi ya njano na kijani ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A haisharabiwi bila mafuta. Mchicha uliochemshwa kwa maji matupu na kuliwa na ugali hukupa sehemu ndogo tu ya kilichomo. Kijiko kidogo kimoja cha mafuta kwa kila mlaji kinatosha, na hapa ndipo mchicha wa nazi wa mabibi zetu ulipopatia. Osheni majani yakiwa mazima, ndipo myakate. Yakikatwa kwanza kisha yakaoshwa, vitamini C na foleti huenda na maji. Tieni majani kwenye tui jepesi likiwa tayari linachemka, dakika 5 zatosha, kisha tui zito na mtoe jikoni. Kisamvu peke yake hakifuati sheria hii. Hicho lazima kitwangwe na kuchemshwa muda mrefu bila kifuniko, ili sumu ya sianidi iliyomo kwenye majani ya muhogo iondoke. Na magadi yasitiwe kwenye mboga. Yanailainisha na kuiacha kijani cha kupendeza, lakini yanaua vitamini C na baadhi ya vitamini B.

Mafuta ya kupikia nayo yanasaidia. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka mafuta ya kula yatiwe vitamini A, na unga wa mahindi na ngano wa pakiti utiwe madini ya chuma, zinki na vitamini B. Vitamini A huharibiwa na mwanga na joto. Mafuta ya kupima yaliyokaa kwenye ndoo au chupa angavu mlangoni pa duka, jua likiyapiga, yamebaki mafuta tu. Yale ya kukaangia bhajia yaliyokwisha kuwa meusi hayana tena cha kumfaa mtu. Nunueni kidogo kidogo yaliyofungwa, myaweke kabatini.

Maini ni hazina, lakini kwa kiasi. Gramu 100 za maini ya ng'ombe yaliyopikwa zina vitamini A zaidi ya mara 10 ya mahitaji ya mwanamke kwa siku. Mara moja kwa wiki inatosha kwa mtu mzima, na mjamzito ayaepuke, hasa miezi ya mwanzo, kwa sababu vitamini A ya wanyama ikizidi hudhuru mimba. Ile ya maembe na mapapai haina hatari hiyo. Mtoto anayelishwa boga na papai kila siku anaweza kugeuka njano viganjani na puani. Mradi weupe wa macho yake umebaki mweupe, si manjano ya ini, na hupotea chakula kikichanganywa.

Ngozi iliyopauka, kucha zinazobonyea katikati kama kijiko, nywele zinazobaki kwenye kitana kwa mafungu, muwasho usio na vipele: hapo tunatazama madini ya chuma. Na hapa kuna kosa moja la mji wetu tunaloliona kila mahali. Chai ya rangi au ya maziwa hunywewa pamoja na mbaazi, pamoja na maharagwe, hata juu ya wali wa mchana. Tanini za chai hushika chuma kilichomo kwenye nafaka na kunde na kukizuia kisiingie mwilini. Kikombe kimoja na chakula kinaweza kuondoa zaidi ya nusu. Chai inywewe saa moja kabla ya chakula au saa moja baada yake. Mahali pake mezani pakae tunda lenye vitamini C, ambayo hufanya kinyume: huongeza chuma kinachoingia mara mbili au zaidi. Kunde zilowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, kwa kuwa fitati inayoshikilia chuma na zinki hupungua humo. Zinki ikikosekana, vidonda huchelewa kufunga na ngozi hubabuka kando ya mdomo na njia za haja. Chaza, kaa, nyama ya ng'ombe, simsim na mbegu za boga zinayo.

Kuhusu vitamini C yenyewe, watu wengi wamekosea tunda. Ukwaju ni mkali ulimini, lakini ukali ule ni wa asidi nyingine. Gramu 100 zake zina miligramu 3 au 4 tu za vitamini C. Ndimu moja ndogo ni kama miligramu 13. Pera moja la kawaida lina zaidi ya 100, na mahitaji ya mtu mzima kwa siku ni 75 hadi 90. Pera linalodondoka uani na kuliwa na popo lingewalisha watoto wa nyumba nzima. Unga mkavu wa ubuyu nao una vitamini C nyingi, ila mabuyu mekundu ya barazani yamekwisha kupikwa kwa sukari na rangi. Bila vitamini C mwili hauwezi kusuka kolajeni, ile kamba inayoishika ngozi na mishipa midogo ya damu; ikikosekana kwa miezi, nywele hujipinda kama skrubu, vidoa vya damu hutokea kwenye vinyweleo, ufizi huvuja.

Tukiwa kwenye ndimu: ileni, msijipake. Maji ya ndimu yakikaa kwenye ngozi kisha jua likaipiga, huungua. Siku moja au mbili baadaye hutokea malengelenge, na yakipona huacha mabaka meusi yanayokaa miezi, mara nyingi kwa umbo lile lile la michirizi ya maji yalipotiririkia. Anayekamua ndimu nyingi kwa kazi anawe mikono kwa sabuni kabla ya kutoka juani.

Mafuta ya ndani ya ngozi pia hutoka chakulani. Mwaka 1929, George na Mildred Burr huko Marekani waliwanyima panya mafuta yote, na ngozi yao ikawa na magamba, mikia ikachubuka. Hivyo ikajulikana kwamba kuna mafuta ambayo mwili hauwezi kuyatengeneza. Nazi, kwa uzuri wake wote, ina kidogo sana ya mafuta hayo. Nyumba inayopika kwa tui siku zote iongeze njugu, simsim au mafuta ya alizeti. Na samaki. Vibua, simu na dagaa wana omega-3 nyingi kuliko samaki weupe kama changu, na omega-3 hutuliza uvimbe mwilini. Mara mbili kwa wiki, kipande cha ukubwa wa kiganja au mkono uliojaa dagaa, kwa mchuzi au wa kupaka. Kukaangwa hadi kukauka kama ukuni huyaharibu mafuta mazuri. Wajawazito wakae mbali na papa, nduwaro na jodari wakubwa, kwa ajili ya zebaki.

Samaki pia hutuletea vipele ambavyo huitwa mzio ilhali sivyo. Jodari, vibua, nguru na dagaa wakikaa kwenye joto, bakteria huigeuza asidi amino moja iliyomo nyamani mwao kuwa histamini, kemikali inayoleta muwasho. Mlaji, kati ya dakika 10 na saa moja, uso humwiva, mabaka ya muwasho humtoka, kichwa humgonga, moyo humwenda mbio. Kesho atasema hali tena samaki maishani mwake. Kupika hakuondoi histamini, wala kugandisha, wala ndimu. Dawa ni barafu tangu baharini. Ulizeni barafu kabla ya bei. Jicho liwe angavu lililojaa, mashavu yawe mekundu, na kitoweo kikifika nyumbani kiingie friji mara moja, kisisubiri mtu amalize kuvua viatu. Mlaji akihisi pilipili ulimini ambapo pilipili haikutiwa, ateme. Akishindwa kupumua au ulimi ukivimba, hospitali, wakati ule ule.

Maradhi mengine mawili hatuwezi kuyapita. Ngozi inayoungua na kubabuka pale jua linapofika tu, usoni, nyuma ya mikono, na mduara shingoni mfano wa mkufu, ikiandamana na kuhara na kuchanganyikiwa, ni pelagra, upungufu wa niasini, yaani vitamini B3. Huwapata wanaoishi kwa ugali mtupu, wanywaji wa mnazi wasiokula, na baadhi ya wanaotumia dawa za kifua kikuu za isonaizidi. Hutibika kwa vidonge vya bei ndogo, kisha njugu, samaki na kuku, lakini ikiachwa huua. Na mtoto aliyeachishwa ziwa akabaki na uji mweupe, miguu ikavimba na ngozi ikamenyuka kama rangi ya ukuta uliozeeka, hajarogwa wala hana ugonjwa wa ngozi: ni utapiamlo mkali uitwao kwashiorkor. Asilishwe nyumbani kwa pupa kumfidia, chakula kingi cha ghafla kinaweza kumuua. Apelekwe hospitali alazwe. Aliye mzima azuiwe asifike huko: kwa kila bakuli la uji kijiko kikubwa cha njugu zilizosagwa au unga wa dagaa, na kijiko kidogo cha mafuta.

Vidonge vya nywele, ngozi na kucha vinauzwa sana sasa. Vingi vina bayotini, moja ya vitamini B, kwa kipimo kikubwa kuliko mahitaji mara mia, ilhali ukosefu wake ni nadra. Kipimo hicho huvuruga majibu ya maabara ya tezi la shingo na ya mshtuko wa moyo. Anayevitumia amwambie daktari kabla ya kutolewa damu. Unga wa kolajeni tumboni huvunjwa kama protini nyingine yoyote. Fedha yake ingenunua samaki wa wiki nzima. Maji kunyweni hadi mkojo uwe wa njano hafifu, basi. Kuzidisha hakulainishi ngozi. Anayekaukiwa na ngozi aoge kwa maji yasiyo moto sana, na ajipake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu.

Bibi harusi anayetaka matokeo aanze miezi 3 kabla. Ngozi ya juu hujibadili kwa wiki 4 hadi 6, chunusi huhitaji wiki 10 au 12, kucha huota milimita 3 kwa mwezi. Singo na liwa vina kazi yake, vinasafisha na kunukisha, hatuna ugomvi navyo hata kidogo. Ugomvi wetu ni dodoki na mkorogo shingoni. Kwa hiyo ombi letu ni kwa masomo, makungwi na wenye saluni, kwa sababu wao huziona shingo hizi kabla yetu, mtandio ukishavuliwa: akikalia kiti msichana mwenye weusi ule, mwambieni kwa sauti ya chini kwamba si mchafu, na mumtume akapime sukari kabla hamjaroweka dodoki.

Ni sisi,
Wahudumu wa lishe,
Mombasa